Wahudumu rika wa afya ya akili wasifanywe matarishi

Mhariri,

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodi ya afya ya akili, iwe Moshi au Arusha, huondoka na mfuko wa dawa, kadi ya kliniki na tarehe ya kurudi. Hapo katikati hana mtu ila familia, ambayo nayo mara nyingi imechoka na imeishiwa fedha. Ni katika wiki hizo dawa huachwa, na ndizo wiki zenye hatari kubwa zaidi ya mtu kujiua. Tunaomba nafasi hiyo iwekewe wahudumu rika: watu waliougua wenyewe, wakatulia, kisha wakafunzwa kuwasindikiza wengine.

Jambo hili si geni kwetu. WAVIU Washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, wamekaa meza moja na wauguzi kwenye kliniki za CTC, zinazotibu VVU, kwa miaka mingi. Kwa upande wa afya ya akili, Dar es Salaam na Kampala zilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti wa kimataifa uitwao UPSIDES, uliohusu wahudumu wa aina hii. Jimbo la Georgia, Marekani, linawalipa kupitia Medicaid, mpango wa serikali wa bima ya afya kwa wenye kipato kidogo, tangu 1999.

Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018 lilihusisha watu 441 waliokuwa wanatoka mikononi mwa timu za dharura za afya ya akili. Kila mmoja alipewa kitabu cha kujipangia maisha baada ya ugonjwa, ila kundi moja likaongezewa mhudumu rika wa kukaa naye hadi mara 10. Ndani ya mwaka mmoja, waliorudi kwenye huduma za dharura walikuwa asilimia 29 ya wenye mhudumu, na asilimia 38 ya waliopewa kitabu peke yake. Si kila jaribio limeonyesha tofauti hiyo. Kinachojirudia zaidi ni mtu kupata matumaini na kuanza kujiamulia mambo yake. Kwa hiyo asiahidiwe mkurugenzi yeyote kwamba vitanda vitabaki wazi.

Kazi yenyewe ianzie wodini, siku chache kabla ya ruhusa, maana ni vigumu kumpokea nyumbani mtu usiyemjua. Simu ipigwe ndani ya siku mbili, waonane ndani ya wiki ya kwanza, halafu saa moja kila wiki kwa miezi miwili au mitatu. Mapema kabisa waandike pamoja mpango wa dharura kwenye karatasi moja: dalili zinazotangulia kwa mtu huyo (kukosa usingizi siku mbili mfululizo, kugawa mali, kukataa kula kilichopikwa nyumbani), nani apigiwe simu, dawa gani iliwahi kumdhuru, nani abaki na watoto, nani alishe ng'ombe au afungue duka. Nakala moja ibaki kwake, moja kwa ndugu anayemchagua yeye, moja kwenye faili la kliniki.

Faida kubwa tunaiona kwenye madhara ya dawa. Anayetumia haloperidoli, moja ya dawa za magonjwa ya akili, anaweza kukakamaa shingo, kutetemeka mikono, au kushindwa kutulia kwenye kiti. Muuguzi akiuliza, hujibu "naendelea vizuri", kisha vidonge humwagwa chooni. Mhudumu rika aliyepitia ukakamavu huo huuliza kwa namna nyingine, naye huambiwa. Hapo wajibu wake si kupunguza dozi wala kumgawia vidonge vyake mwenyewe, jambo ambalo hutokea. Ni kumsindikiza kliniki na kumsaidia kulisema, ili daktari apunguze dozi, abadilishe dawa au aongeze ya kuondoa ukakamavu. Vivyo hivyo kwa maombi: asimzuie mtu kwenda kanisani au msikitini kuombewa, ahakikishe tu kwamba dawa haziachwi kwa ajili hiyo.

Mipaka isemwe siku ya kwanza, na mkubwa kuliko yote ni wa siri. Anachosikia hakipeleki kwa familia, lakini akisikia mpango wa kujiua au kumdhuru mwingine, lazima amwambie msimamizi siku hiyo hiyo, na mgonjwa ajue hivyo tangu mwanzo. Wasikopeshane fedha, wasinywe pombe ya mbege pamoja, wasiingie kwenye mapenzi. Naye asilazimishwe kusimulia ugonjwa wake hadharani. Moshi ni mji mdogo, na habari ikishatoka hairudi.

Mipango ya namna hii huharibika kwa njia tunazozijua. Mhudumu rika hutumwa kubeba mafaili na kupiga deki. Hutumiwa kama askari wa kuhesabu vidonge, na wagonjwa huacha kumwamini. Huachiwa watu 30 wakati 8 wanamtosha. Hukosa nauli, basi aliye Marangu au Ngaramtoni hafikiwi. Akiugua tena, huondolewa kimyakimya. Huyu anahitaji likizo ya ugonjwa kama mtumishi mwingine, mpango wake mwenyewe wa dharura, na tabibu wa kumtibu asiye msimamizi wake wa kazi. Tunasisitiza hilo la mwisho, kwa kuwa mtu hawezi kumweleza ukweli wa hali yake yule anayeweza kumfukuza.

Halmashauri ziandike kifungu cha wahudumu hawa katika Mpango Kabambe wa Afya kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1: posho ya kila mwezi, nauli, vocha ya simu, na saa moja ya msimamizi kila baada ya wiki mbili. Zianze na wahudumu wawili kwa kila wodi, mwanamke na mwanamume. Barua yao ya kazi itaje wanachofanya na wasichofanya, na nakala yake ikae kwa muuguzi kiongozi wa wodi.

Wauguzi wa afya ya akili,
Moshi