Jumamosi: Pilgrim's Rest, mji wa dhahabu

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunakutana saa tatu asubuhi mbele ya Hoteli ya Royal, Pilgrim's Rest, Mpumalanga, Afrika Kusini. Tufike kwa wakati, tafadhali.

Dhahabu iligunduliwa hapa mwaka 1873, wachimbaji wakamiminika na mahema yao. Nyumba zilizofuata ndizo tunazokwenda kuona; mji mzima ulitangazwa urithi wa taifa mwaka 1986. Zisogeleeni, jamani! Si paa tu, hata kuta ni mabati ya migongo yaliyopigiliwa kwenye fremu za mbao. Mabati yalikuwa mepesi kusafirisha milimani, na nyumba ilisimama haraka. Kwangu mimi yanapendeza kuliko jengo lolote la mawe, hasa yakishapakwa rangi na kuwekewa baraza.

Baadaye tutapanda makaburini. Makaburi yote yameelekea upande mmoja, isipokuwa Kaburi la Mwizi, lililokingama peke yake.

Vaeni viatu imara. Baadhi ya nyumba zina wenyewe, kwa hiyo tupige hodi kabla ya kupiga picha, na asibandue mtu hata msumari. Anayehitaji usafiri aandike hapa kabla ya Alhamisi.