Tamthilia ichezwe mchana, usiku tuuachie bendi

Ndugu Mhariri,

Kamati ya tamasha letu la tamthilia za kale hapa Walukuba, Jinja, imetangaza kwamba Januari ijayo mchezo mkuu utaanza saa moja na nusu usiku chini ya taa za jenereta, badala ya saa tisa alasiri tuliyoizoea. Tuliambiwa kikaoni kuwa tamasha limekua, na kwamba matamasha ya nje yenye jina huko Uingereza na Marekani huanza jioni. Mimi ndiye ninayeshona maleba, yaani nguo za waigizaji, tangu siku zile tulizokuwa tunacheza chini ya mwembe na kila mtu anakuja na mkeka wake. Naomba nafasi nipinge.

Kwanza hilo la Uingereza. Mwezi wa Juni, London jua huzama baada ya saa tatu usiku. Watu wa Regent's Park, ambao wamekuwa wakicheza tamthilia kwenye bustani tangu 1932, wakianza saa moja na nusu bado wana mwanga wa kutunga uzi kwenye sindano. Sisi tuko karibu na ikweta. Januari hadi Desemba jua letu huchwa kwenye saa moja hivi, na kiza hakichelewi. Kamati imechukua saa ya wenzetu bila kuchukua jua lao.

Na Shakespeare mwenyewe, ambaye ndiye tunamchezea kila mwaka, tamthilia zake nyingi hakuziandikia taa. Yupo msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, aliyeandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599, baada ya chakula cha mchana, kwenye saa nane, yeye na wenzake walivuka mto London wakaingia nyumba iliyoezekwa nyasi, wakatazama kisa cha kuuawa kwa Julius Caesar. Saa nane mchana! Ndiyo maana roho ya marehemu Caesar inapomtokea Brutus, mmoja wa waliomuua, hemani, Brutus anaanza kwa kulalamika kwamba mshumaa hauwaki vizuri. Usiku wote umo mdomoni mwake. Mtazamaji anasikia mshumaa, anajua ni usiku, ingawa jua linamchoma utosini.

Mwaka huu tulicheza tamthilia hiyohiyo, kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyesoma Makerere na kutoa tafsiri yake mwaka 1963. Ile roho niliivalisha nguo ya gome la mti wa mutuba. Kamati ilikuwa na wasiwasi, ikitaka shuka jeupe kama kwenye sinema. Lakini hapa kwetu hata asiye Mganda amewahi kufika kwenye maziko ya Waganda, akaona maiti inavyofungwa kwa magome. Mwigizaji alipotokea nyuma ya ua, rangi ile ya udongo imeshika jua la saa kumi na moja, akina mama walionyamaza ni wengi kuliko waliopiga kelele. Hakuna aliyeuliza ni nani yule. Sasa mtu aniambie, gome la kahawia likiwekwa mbele ya kiza na taa mbili za jenereta, litaonekana nini? Nimeshona nguo za bendi za usiku kwa muda mrefu, nazijua hizo taa: buluu na kijani zinakuwa kitu kimoja, na damu yetu ya kuigiza, ya maua ya rozela, inageuka soda.

Jambo la pili ni nyuso. Antonio, rafiki wa Caesar, aliposimama mbele ya maiti yake kuwahutubia Warumi, kijana wetu aliwahutubia wachuuzi wa samaki wa Masese waliokaa mstari wa mbele. Alikuwa anawaona. Mmoja alipomjibu kwa sauti, alimgeukia akamwendea, na umati mzima ukawa Warumi. Muigizaji aliyemulikwa usoni haoni mtu. Anahutubia ukuta mweusi. Mkimpa na kipaza sauti cha kushika mkononi, kama ilivyopendekezwa, basi tumeandaa mkutano wa kampeni, na hiyo mikutano tunayo ya kutosha.

Hao wachuuzi wenyewe, je? Saa tisa samaki wa asubuhi wameshauzwa, na chakula cha jioni hakijabandikwa. Ndiyo nafasi yao. Wanaotoka Mbiko na Bugembe wanarudi kwa boda boda kwa bei ya mchana. Ikifika saa nne usiku bei ni nyingine, na mzazi hatamruhusu bintiye aliyecheza Portia arudi peke yake. Watakaobaki ni wenye magari, wale ambao wametengewa viti vyenye vitambaa. Sina ugomvi nao. Waje, lakini lile kundi la Makerere lililoanza kuzunguka mwaka 1965 na michezo ya Kiingereza, Kiswahili na lugha zetu nyingine liliwafuata watu walipo, halikuwangoja wafike baada ya foleni ya Mukono, njia ya kutoka Kampala.

Jua ni kali, hilo nalikubali, na wazee wawili watatu wameniambia linawaumiza macho. Jukwaa ligeuzwe watazamaji walipe magharibi mgongo, tuanze saa tisa na nusu, mchezo upunguzwe uwe wa saa mbili. Na fedha za mfadhili wa bia tunazihitaji, sijifanyi mtakatifu. Hayo mahema na vyoo vya kukodi havijajileta. Mfadhili apewe usiku wake: bendi, ngoma, taa, na bia auze mpaka achoke. Tamthilia iwe imeshamalizika na watoto wameshaondoka.

Kamati inakutana tena mwisho wa mwezi. Namwomba mwenyekiti wetu, ambaye ni kaka kwangu na anajua namheshimu, alirudishe jambo hili mezani kabla ya kulipia jenereta. Mimi nami sijanunua vitambaa, maana rangi nitakazochagua kwa jua siyo nitakazochagua kwa taa.

Fundi cherehani,
Walukuba, Jinja