Ngazi 25 za Lyon

Lyon, Jumapili jioni

Kwako Yaya, ndugu yangu mkubwa,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima. Mgongo tu unanisumbua kwa ile kazi ya kusafisha, lakini Mama usimwambie.

Mwambie Espoir kazi aliyonituma nimeifanya. Ile picha aliyoibandika juu ya kitanda chake, ya kijana aliye hewani juu ya ngazi na ubao wa magurudumu, ilipigwa hapahapa Lyon. Kumbe zile ngazi nilishazipita! Ilikuwa majira ya baridi, nina mfuko wa mkate mkononi, na nilizilaani kwa sababu zilikuwa zinateleza. Leo nimerudi kuzitazama kwa macho ya Espoir.

Nimezihesabu mara mbili: 25. Nikasimama juu kabisa, nikaangalia chini, magoti yakalegea. Ni zaidi ya mita 4, Yaya. Panda juu ya mabati yetu, halafu jiambie unaruka na kipande cha ubao chini ya miguu, hukishiki kwa mkono, nacho kinakufuata mpaka chini. Wachezaji wa ubao wenyewe wanaita hiyo oli.

Kijana huyo ni Ali Boulala, mtu wa Uswidi. Video yenye jaribio lake ilitoka 2002. Mwaka ule sisi tulikimbilia Gisenyi, Rwanda, na godoro kichwani, moto wa volkano ya Nyiragongo umeingia mjini kwetu Goma. Kumbe kwingine watu walikuwa wanajitupa ngazini kwa hiari yao.

Lakini kuna kitu Espoir hakunieleza, au pengine hakijui. Boulala hakufaulu. Aliruka akaanguka, akapanda tena, akaanguka tena. Picha imemkamata juu, na mtu akiwa juu huwezi kujua atatua vipi. Aliyefaulu ni Mmarekani, Aaron Homoki, wanayemwita Jaws. Naye alianza kwa kuumia goti, akarudi kwao kujiuguza. Mwaka 2015 akaja tena, akatua, akaendelea kuteleza. Boulala mwenyewe alikuwepo akiangalia. Miaka 13! Nilikaa pale ngazini nikiwaza, huyo Boulala siku ile alicheka au alilia?

Nikakukumbuka wewe na chukudu yako, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye mteremko wa Kibumba: goti moja juu ya kile kipande cha kandambili, magunia ya viazi mbele, mguu mwingine ukitafuta breki ya mpira wa gari kuukuu. Mara ngapi ulianguka? Hakuna aliyekupiga picha. Iliyopo ni ile tuliyomlipa mpiga picha mwaka 2009, walipozindua sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu pale rompwe, kwenye mzunguko wa barabara, nawe umesimama mbele yake kama sanamu ni mali yako. Shati lilikuwa la jirani.

Basi na mimi nikuambie. Ile picha yangu ya koti jeusi, ambayo Mama anamwonyesha kila mgeni, koti ni la Mkongomani mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja. Nililirudisha jioni ileile, hata joto halijatoka.

Picha ya leo nimemwomba bibi mmoja mwenye mbwa anipigie. Nimekaa ngazi ya tatu kutoka chini, nakula mkate, na koti hili ni langu kweli, ndiyo maana mkono wake umechanika. Espoir atakasirika kwamba siruki. Mwambie hivi: asithubutu kuruka na chukudu yako kwenye ngazi za kanisa. Nikirudi nitamletea ubao wenyewe, na ataanza na ngazi mbili, mimi nikiwa nimesimama chini.

Viazi bado vinashuka kutoka Kibumba? Njia ikoje? Niandikie.

Mdogo wako,
Bahati