Koti zito lilikaribia kuniua, acheni kulisifia

Mhariri, habari za kazi. Nawasoma siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na naandika kwenye simu huku nauza kwa hiyo mnisamehe mkiona maneno yanarukaruka.

Wiki iliyopita mlitoa picha ya kampuni moja ya utalii inawagawia wapagazi wa Mlima Kilimanjaro makoti, chini mkaandika "makoti mazito ya kukabili baridi". Nia nzuri, siwalaumu hata kidogo. Ila hilo neno mazito limenikaa kooni mpaka leo, maana mi nimekuwa mgumu (ndo tunavyojiita wapagazi wa mlimani) kule juu miaka sita kabla goti halijanigomea, sa hivi nina meza ya makoti ya mtumba pale Memorial hapa Moshi, na nawaambia koti zito nusura linizike.

Ilikuwa njia ya Machame. Kampuni niliyokuwa napanda nayo (sio hiyo ya kwenye picha, na siitaji) ilitupa makoti ya kitambaa kigumu, ndani wamejaza sponji kama la godoro. Ukilivaa getini unajiona umemaliza, mpaka unawacheka wenzio wenye visweta. Siku ya tatu tunatoka Shira kwenda Lava Tower mvua ikaanza, ikageuka theluji ile ya majimaji, sponji likanywa maji yote, tunashuka Barranco nahisi nimeongezewa begi lingine na mgongoni tayari nina kilo 20. Kule hakuna kukausha kitu bwana, jua linachungulia kidogo wingu linafunika. Tunafika kambi ya Barafu, mita 4,673, koti bado linachuruzika. Usiku maji ya kwenye ndoo yakaganda. Nikatetemeka wee mpaka meno yanagongana, halafu nikaacha kutetemeka na usingizi mtamu ukaanza kunijia, na wanaojua mlima wanajua ukiacha kutetemeka na joto hujapata basi hapo ndo pabaya.

Mgumu mwenzangu mmoja, mtu mzima, akanivua lile koti kwa nguvu akalirusha nje ya hema. Akanivisha flisi yake kavu (sweta laini la poliesta), nyepesi hata nusu kilo haifiki, juu yake mfuko mkubwa wa nailoni wa kufungia mizigo, ametoboa tundu la kichwa na mikono. Nikajua ananitania. Akanipa chai akanibana katikati yake na mwenzake, na vidole vikaanza kuuma, yaani vinarudi. Asubuhi tulilikuta lile koti langu limeganda limesimama lenyewe pembeni ya hema kama askari wa zamu, watu wakacheka mpaka leo nikikutana nao wananiita koti.

Nimekuja kuelewa baadaye sana, nikiwa hapa mezani nachana makoti mabovu kwa wembe nione ndani kuna nini. Koti halina joto lolote mhariri. Joto ni la kwako, umelitoa kwenye ugali uliokula, koti kazi yake ni kukamata hewa isitembee, basi. Hewa iliyotulia inapitisha joto kwa shida mno, maji yanalipitisha kama mara 25 zaidi. Kwa hiyo ukijaza kitu kinachokamata hewa halafu kikalowa, hewa imetoka maji yameingia, umevaa bomba la kukutoa joto. Fulana ya pamba ni hivyo hivyo, ikilowa jasho inakunyonya, ndo maana wagumu wazoefu wakifika kambini kitu cha kwanza wanabadilisha fulana hata kabla ya kusimamisha hema la wageni kama msimamizi hayupo karibu.

Na wenzetu hili wamelihangaikia zamani. Mwaka 1922 kule Everest kuna jamaa anaitwa George Finch alienda na koti ameshonesha kwa kitambaa cha puto, ndani manyoya laini ya bata. Wenzie waliovaa suti zao za sufu wakamcheka, mpaka baridi ilipowashika vizuri wakaanza kulitamani. Yale manyoya ndo haya tunayouza hapa Memorial, ya kifuani kwa bata, kila kimoja kama kitone cha ukungu chenye vinyweleo vinavyosambaa, ukikiweka kiganjani hukisikii uzito ila unasikia kiganja kinapata moto. Nililia siku ya kwanza nilipochana koti moja la hivyo, maana lilikuwa zima kabisa kumbe.

Lakini manyoya yana ugonjwa wake, yakilowa yanashikana yanakuwa madonge, joto kwisha. Jeshi la Marekani liliona hiyo shida, miaka ya 1980 ikatengenezwa PrimaLoft, nyuzi za poliesta nyembamba mno zinazojifanya manyoya ya bata ila zikilowa bado zinashika hewa. Miaka hiyo hiyo ndo flisi nayo ikashika kasi, kiwanda cha Malden Mills kule Massachusetts, poliesta iliyokwaruzwa mpaka ikatoa manyoya. Poliesta hainywi maji, ukiikamua ukaikung'uta imekaribia kukauka. Mwaka 1993 kampuni ya nguo ya Patagonia wakaanza kutengeneza flisi kwa chupa za plastiki zilizotumika. Chupa hizi hizi za soda! Ukiangalia mitaro yetu hapa mjini unapata wazimu. (Najua flisi ikifuliwa inaachia vijinyuzi vya plastiki vinaenda mtoni, sijasema ni malaika.)

Kijana wangu alinionyesha kwenye simu, Wachina wa Chuo Kikuu cha Zhejiang mwaka 2023 wametoa uzi wameuiga unywele wa dubu wa barafuni, katikati ni erojeli, kitu ambacho karibu chote ni hewa tupu, kimevumbuliwa tangu 1931 ila kilikuwa kinavunjika kama kaukau huwezi kushonea nguo. Wao wakakifunika kwa ganda laini linalovutika, wakafuma sweta nyembamba, unene wake kama moja ya tano ya koti la manyoya na joto ni lile lile. Nimefurahi. Ila mi naangalia belo, na belo linaleta vitu vilivyochokwa Ulaya, kwa hiyo hilo sweta nitalishika nikiwa na wajukuu.

Sasa hoja yangu kwa kampuni, kwa sababu pesa za koti moja zito zinatosha kumvika mgumu vizuri. Mlima wetu chini ni msitu wa mvua na juu ni baridi kavu, mgumu anapita kote siku chache. Kwa hiyo msimnunulie manyoya ya bata, hayo wacha mgeni avae, ana mtu wa kumbebea begi lisilovuja. Mgumu mpeni flisi, juu yake jaketi jepesi la nyuzi za poliesta, juu kabisa koti la mvua la nailoni lisilopitisha upepo. Vitu vitatu. Akibeba mzigo anavua anabaki na kimoja asilowe jasho, akisimama anavaa vyote. Lile koti moja zito ukilivaa unapanda unaoga jasho, ukilivua unaganda, hakuna katikati.

Na mafundi wetu wa hapa Moshi wanaweza kushona haya kabisa, kitambaa na kijazio vinapatikana, shida ni moja tu wanapenda kupiga mistari ya cherehani karibu karibu ili koti lionekane limebanwa vizuri. Kila mstari unapopita umeibana hewa, hapo baridi inaingia kama kwenye ufa wa mlango. Pigeni mistari michache, kiacheni kijazio kivimbe. Likionekana limevimba kama chapati ya maji nyie msione aibu.

Pale getini mizigo inapimwa kwenye mzani, ni jambo zuri. Ningependa na begi la mgumu mwenyewe nalo lifunguliwe, akikutwa na koti la sponji arudishwe akabadilishe kwa gharama ya aliyemleta. Na mpiga picha wenu akienda tena kwenye ugawaji, alishike koti alikunje kwenye ngumi aliachie. Likirudi kuvimba lenyewe kuna hewa mle. Likibaki limekunjamana aandike tu "makoti", hilo mazito aliache.

Nimalizie na tangazo binafsi mkiniruhusu. Kuna dada alinunua kwangu Jumamosi jaketi la manyoya la bluu, nilimfungia kwenye gazeti lenu hili hili kwa hiyo naamini ni msomaji. Nimesikia amelipiga pasi. Dada yangu, ile nailoni inayeyuka, na manyoya hayapigwi pasi, yanafuliwa kwa sabuni kidogo isiyo na dawa ya kulainisha, yanaanikwa kivulini yamelazwa, unayapigapiga kwa kiganja siku mbili tatu mpaka madonge yaachie. Lilete nitaliziba tundu bure. Hela sirudishi.

Mgumu mstaafu, muuza makoti
Memorial, Moshi