Lucrezia Borgia hakuwa mpika sumu

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu simfonia ya okestra ya ala za kupuliza iliyotungwa juu ya ukoo wa Borgia, ukoo wa Papa mmoja wa Roma wa miaka 500 iliyopita. Asanteni, maana muziki huu hauandikwi sana kwetu. Ila Lucrezia mmemtaja mara moja tu, na hiyo mara moja mkamwita muuaji kwa sumu. Hapo nawapinga.

Baba yake, Rodrigo Borgia, mzaliwa wa Xàtiva karibu na Valencia, Hispania, alikuwa Papa Alexander VI tangu 1492. Kwamba alizaa watoto na kuwaoza kwa faida ya siasa, hakuna anayebisha. Mwanawe Cesare aliuvua ukardinali mwaka 1498 akashika upanga. Hao wapigiwe tuba na ngoma kwa kishindo chote.

Lakini tazameni mwaka 1500. Mwezi Julai, mume wa pili wa Lucrezia, Alfonso wa Aragon, alivamiwa na kuchomwa visu kwenye ngazi za Kanisa la Mtakatifu Petro. Hakufa. Lucrezia, binti wa miaka 20, alimuuguza pamoja na Sancia, wifi yake kwa pande zote mbili: dada wa mumewe, tena mke wa kaka yake Gioffre. Chakula cha mgonjwa walikipika wenyewe, kwa kuogopa asije akawekewa sumu. Agosti wakaondolewa chumbani kwa hila, na mtu wa Cesare akamnyonga Alfonso.

Huyo ndiye tunayeambiwa alikuwa akilisha watu sumu! Ushahidi haupo. Ni maneno ya maadui wa baba yake, na majukwaa ya maigizo ya karne ya 19 yakayakuza.

Napiga trombone katika kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu, ndiyo maana jambo hili limenigusa. Lucrezia alipoolewa Ferrara, mji wa Italia, mwaka 1502, mmoja wa watunzi waliomtumikia huko alikuwa Bartolomeo Tromboncino, mtoto wa mpiga zumari. Jina lenyewe maana yake ni trombone ndogo. Trombone ya enzi hizo ilikuwa na mrija wa kuvuta kama huu wangu, ila mdomo wake wa mbele, unakotokea sauti, ulikuwa mwembamba, ikatoa sauti ya upole inayokaa vizuri na waimbaji. Na huko Valencia, asili ya ukoo huu, leo kuna mamia ya vyama vya bendi za kupuliza, na mashindano yao ya mjini yalianza mwaka 1886. Ala hizi zina haki ya kukisimulia kisa hiki kuliko fidla.

Mwandishi wenu akiirudia simfonia hiyo, namwomba asikilize klarineti zikiwa chini kabisa, kwa pumzi ndogo iliyobanwa midomoni, aone kama mtunzi amekiachia nafasi kile chumba cha mgonjwa na wale wanawake wawili waliokaa na chungu chao.

Msomaji wenu,
Moshi