Barua kwa wanangu mnaomuuguza ndugu aliyepata kiharusi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoamka usiku kumgeuza baba, mama, mume, mke au dada ambaye upande mmoja wa mwili umelegea. Mnasali mkiingia chumbani kwake, mnasali mkitoka. Endeleeni. Ila ipo shukrani inayomjenga mgonjwa na ipo inayomziba mdomo, na sisi watu wa imani huzichanganya bila kujua.

Inayomziba mdomo ni hii: mgonjwa analia kwa kuwa kijiko kimemponyoka mara ya nne, halafu mtu anamwambia, "Mshukuru Mungu, wenzako wamekufa." Machozi yanakatika, lakini hajafarijika, amejua tu kwamba mbele yako haruhusiwi kuhuzunika. Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupatwa na sonona. Huo ni ugonjwa wenye tiba, si upungufu wa imani. Akiacha kula, akikataa mazoezi, akishinda amegeukia ukutani kwa wiki 2, mwambieni daktari. Wapo pia wanaolia au kucheka ghafla pasipo sababu, hata msibani. Hilo hutokana na jeraha lenyewe la ubongo. Msimkemee; geuzeni mazungumzo, litapita.

Shukrani ninayowausia ni ya kuona. Wekeni daftari karibu na kitanda, na kila jioni mwandike jambo moja lenye kipimo: "Ameketi ukingoni mwa kitanda dakika 4 bila kushikwa." "Kidole gumba kimesogea mara 2." "Amemeza vijiko 10 bila kukohoa." Msiandike "leo hajambo", maana haimwambii mtu chochote. Kwa wengi, nguvu hurudi kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo mwendo hupungua, lakini haukomi. Familia nyingi huvunjika moyo mwezi wa 5 kwa sababu wanaulinganisha na mwezi wa 2. Fungueni daftari, mlinganishe na siku ya kwanza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye atalifurahia kuliko maelezo yenu yote ya mdomo.

Daftari pia huonyesha kinachorudi nyuma. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukidondoka, maneno yakivurugika kuliko jana, msianze kwa kukusanyana kuomba. Tazameni saa, mkumbuke mara ya mwisho alipoonekana yu sawa, mkimbizeni hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ni baada ya picha ya ubongo. Msimpe aspirini mkiwa nyumbani: kama ni mshipa uliopasuka, mtazidisha damu inayovuja. Ombeni mkiwa njiani.

Sasa habari ya maneno, ambayo huwatatanisha wengi. Mtu asiyeweza kuomba maji anaweza kuimaliza sala aliyoikariri utotoni, au kuimba ubeti mzima. Wengine humwona mjanja: "Kumbe anaweza kusema!" Wengine hutangaza kwamba ulimi umefunguliwa. Wote wamekosea. Maneno ya kukariri, hesabu ya 1 hadi 10, salamu na nyimbo mara nyingi hubaki hata pale uwezo wa kutunga sentensi mpya umeharibika. Itumieni neema hiyo kama mazoezi. Anza mstari, mwachie neno la mwisho alimalizie mwenyewe. Imbeni polepole, mkigonga mdundo kwa mkono wake mzima. Katika mazungumzo ya kawaida muulize swali moja la ndiyo au hapana, kisha uhesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kurudia. Usimmalizie sentensi. Na tafadhali msimpigie kelele, si kiziwi. Wageni wa kumwombea waingie wawili wawili, dakika 15 zinatosha, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa huchoka haraka na sauti nyingi humvuruga.

Linalonitia hofu zaidi ni koo. Mgonjwa aketi wima kabisa, si kuegemea mito nusu nusu. Tumia kijiko cha chai, subiri uone koo limepanda na kushuka, ndipo ulete kingine. Ukimaliza, kagua ndani ya shavu la upande uliolegea. Chakula hujificha huko bila yeye kuhisi. Abaki ameketi dakika 30. Maji matupu ndiyo humpalia kirahisi, maana hukimbia kabla koo halijafunga njia ya hewa. Sauti yenye majimaji baada ya kumeza, au homa isiyoeleweka, huenda ni chakula kinachoingia mapafuni. Wengine hupaliwa kimyakimya, bila hata kikohozi. Kwa hiyo hata kile mnachokiona kitakatifu, kiwe maji, mkate au mafuta ya kunywa, kisimwingie kinywani kabla mtaalamu hajapima umezaji wake. Kufunga vilevile: waulizeni daktari na kiongozi wenu wa dini, wote wawili.

Bega nalo. Misuli inayolishikilia imelegea, hivyo mkono wote unaning'inia kwa uzito wake. Ukimvuta kwa mkono huo, au ukimnyanyua kwa kumtia mikono makwapani, utamtegua na maumivu yatamkalia miezi. Akiketi, mkono ulale juu ya mto. Akihama kitandani, kiti kikae upande wake mzima, breki zimefungwa, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, nawe umshike kiunoni, mhesabu pamoja hadi 3. Nguo huanza kuvaliwa upande uliolegea na huvuliwa kwanza upande mzima. Asiyeweza kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2, mkikagua visigino, nyonga na juu kidogo ya makalio. Wekundu usiotoka ukiubonyeza ni mwanzo wa kidonda.

Presha ikishuka, msiache dawa. Kosa hili huzaliwa na shukrani yenyewe: kipimo kimekuwa kizuri, watu wanasema amepona, vidonge vinawekwa kando, na kiharusi cha pili kinakuja. Kipimo ni kizuri kwa sababu ya vidonge. Mpimeni akiwa ametulia dakika 5, kwenye mkono mzima ulioegemezwa usawa wa moyo. Shukuruni, kisha mpeni kidonge cha jioni. Wala msimsimamishe mbele ya watu atembee bila fimbo ili ushuhuda unoge. Akianguka na kuvunjika nyonga, miezi ya jasho inarudi sifuri, naye ataona aibu kana kwamba imani yake ndiyo iliyoteleza.

Mwisho ninyi wenyewe. Mtu mmoja hawezi kugeuza, kulisha, kuosha na kukesha siku 7 akabaki na moyo wa kushukuru; atabaki na hasira na mgongo unaouma. Gaweni usiku kwa majina, muandike kwenye daftari lilelile. Ndugu akipiga simu kusema anawaombea, mshukuruni kwa dhati, kisha mumuulize atachukua usiku upi. Aliye mbali achukue kazi ya mbali: kuhesabu vidonge vilivyobaki, kukumbusha tarehe za kliniki, kuzungumza na mgonjwa kila siku saa ileile, polepole, akimpa nafasi ya kujibu.

Ni mimi, mzee wenu