Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakulima na Wafugaji Nyuki, Shinyalu

Wazee wetu, akina mama na vijana mliofika, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Asali ilirinwa ikauzwa, mafunzo yalifanyika, tulimzika mwenzetu mmoja, na Mei 20, Siku ya Nyuki Duniani, tulitembea hadi sokoni na fulana zetu. Hesabu kamili atawasomea mweka hazina. Kwa jumla ziliingia shilingi 143,000 na kutoka 129,500: chai, nauli, fulana, rambirambi, na lile jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu leo, maana sijaona viti vikijaa hivi tangu nichaguliwe.

Ni kweli tulichanga shilingi 48,000 za mizinga minane ya Langstroth, ile ya kisasa ya masanduku yenye fremu. Ni kweli pia mizinga iliyofika ni miwili. Pesa zilizobaki zilikodi ile robo ekari kando ya mto. Tuliiacha bila kulima, tukaizungushia tithonia, kile kichaka chenye maua ya njano, tukapanda alizeti na mbaazi pembeni, kisha tukawakaribisha watafiti wa chuo kikuu waje wahesabu nyuki. Nasikia inasemwa mwenyekiti amefuga magugu kwa pesa za watu.

Sasa nisikilizeni. Kuna utafiti uliofanywa hapa hapa Kakamega, si Ulaya. Muo Kasina na wenzake waliuchapisha mwaka 2009, wakiwa wamepima mazao yetu wenyewe: maharagwe, kunde, nyanya, pilipili, pasheni, alizeti. Waliona kwamba karibu asilimia 40 ya thamani ya mazao hayo kwa mwaka ni faida anayopata mkulima kwa uchavushaji wa nyuki, yaani nyuki kubeba chavua, ule unga wa maua, kutoka ua hadi ua. Na katika faida hiyo, zaidi ya asilimia 99 ililetwa na nyuki wa porini, wasio na mzinga wala mwenyewe. Mimi binafsi ndiye niliyeileta habari hiyo kwenye kamati, na sioni haya kusema hivyo. Mizinga minane ingetupa asali, sikatai. Lakini malalamiko ya mwaka juzi yalikuwa nyanya na pasheni kukosa kushika matunda, hayakuwa asali.

Ua la nyanya huficha chavua ndani ya vifuko vilivyoungana kama mrija wenye tundu dogo nchani. Wapo nyuki wa porini wanaoling'ang'ania ua na kutetemesha mwili kwa mvumo mpaka chavua imwagike kama unga kwenye chekecheo. Nyuki wa asali hana ufundi huo, hata umwekee mizinga mia. Pasheni ya njano nayo haijichavushi; hutaka chavua ya mmea mwingine. Waliofika shambani walijionea: vitumba vilivyovalishwa vifuko vya neti vilichanua humo ndani, vikanyauka, vikadondoka. Maua yaliyoachwa wazi yalitembelewa na yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao. Akiinama kunyonya, mgongo wake unasugua chavua, na anaondoka na mstari wa njano mabegani. Huyo ndiye tunayemchomea nyumba kila tunapong'oa nguzo kuukuu za pasheni na kuzitia jikoni.

Anayelima mahindi peke yake akisema hana haja na nyuki, simlaumu, kwa kuwa mahindi huchavushwa na upepo. Ila asipige dawa saa nne asubuhi huku maharagwe ya jirani yamechanua. Subiri jioni, nyuki wakisharudi.

Kuna wanaodai uamuzi ule wa kukodi shamba haukuwa halali kwa sababu tulikuwa watu tisa. Kikao cha kwanza kilikosa akidi kikaahirishwa, na katiba yetu inasema kikiitishwa tena, waliopo ndio akidi. Kumbukumbu anazo katibu. Wanaopiga kelele leo walipata ujumbe mara mbili, na mmoja alinijibu kwamba yuko kwenye harusi. Harusi yake siipingi, lakini sikuweza kuigoja iishe.

Ada ni aibu. Kati ya wanachama 64, waliolipa ni 23, na deni limefika shilingi 49,200. Yaani deni hilo peke yake lingenunua mizinga yote minane tunayogombania. Katika wale waliosaini barua ya kunilalamikia, waliolipa ni wawili. Majina sitaji, mweka hazina anayo.

Jambo jingine dogo: watafiti waliweka mabakuli ya njano, bluu na meupe yenye maji ya sabuni, kwa kuwa nyuki hufuata rangi hizo. Hayakuwa dawa wala uchawi. Baadhi yalitoweka, na moja la bluu nimeliona kwa macho yangu likinywesha kuku. Yarudishwe, hakuna atakayeulizwa.

Mbele tunatarajia, Mungu akijalia, kupata wafadhili, kuongeza mizinga, kujaribu nyuki wadogo wasiodunga, na pengine kununua shamba letu wenyewe. Watafiti wakimaliza hesabu yao tutaitisha kikao.

Uchaguzi wa viongozi utafuata baada ya chai. Anayekitaka kiti hiki ajitokeze bila woga, mradi aje na risiti ya ada ya mwaka huu.

Mwenyekiti